Fundi Aliyezifuata Taa Zake

Ujumbe uliingia Jumanne asubuhi kutoka namba nisiyoifahamu, kikombe cha chai kikiwa bado mkononi. "Shikamoo Mwalimu. Fundi Giza wa Nachingwea hatunaye. Tumemzika jana baada ya alasiri. Tumeona tukujulishe kwa kuwa mlikuwa mkikaa pamoja." Niliusoma, nikaweka kikombe chini, nikausoma tena. Kilichonichoma zaidi ya habari yenyewe ni lile jina. Watoto wake wamemzika kwa jina alilopewa na wazazi wake, bila shaka, na kaburini litaandikwa hilo. Lakini mji mzima ulimjua kwa jina la Giza, na aliyetuma ujumbe alijua kwamba bila kuliandika nisingemtambua marehemu. Msomaji wangu, jina hilo alilipata kwa kosa ambalo nusu yake, tena nusu kubwa, ilikuwa yangu. Nimekaa kimya miaka yote hii. Leo safu hii naitumia kusema nilichopaswa kusema nikiwa nimekaa kwenye benchi lake, naye ananisikia.

Nilipangiwa Nachingwea mwishoni mwa miaka ya tisini, mwalimu wa fizikia kutoka kanda ya ziwa, na barua ya kupangiwa kituo niliisoma mara tatu nikitumaini macho yamekosea. Tulikuwa wengi wa namna hiyo: walimu, manesi, mabwana shamba, watu wa benki, kila mmoja ametoka mkoa wake, na jioni tulikusanyika kulalamikia vumbi la barabara na umeme uliokuja pale ulipojisikia. Mimi malalamiko yangu niliyapeleka kwenye kibanda cha huyu bwana, pembeni mwa soko, kwa sababu alikuwa na benchi na hakuwa na haraka. Alikuwa fundi redio, Mmwera mzaliwa wa upande wa Ruangwa, mtu mfupi mwenye kofia ya kufuma iliyochakaa kwa moshi wa risasi ya kulehemu. Shule aliishia la saba. Pasi yake ya kulehemu aliichoma kwenye jiko la mkaa, na kwa pasi hiyo alifufua redio ambazo wenyewe walikwisha kuzifanya viti vya kuku.

Alikuwa na utaratibu ambao mwanzoni ulinichekesha. Ukimpelekea kitu, hakukifungua. Alikigeuza, akakinusa, akakuuliza, "Inakaa wapi nyumbani?" Siku ya kwanza nilimpelekea redio yangu, nikamweleza kwa lugha ya darasani kwamba nahisi hitilafu iko kwenye kikuza sauti. Alinisikiliza kwa adabu zote mpaka nikamaliza. "Sawa, Mwalimu. Inakaa wapi kule kwako?" Nikamwambia juu ya gunia la mahindi. Akatikisa kichwa taratibu. "Basi haijaharibika hiyo. Imehamiwa." Alipoifungua, bungua, wale wadudu wa mahindi, walimwagika mezani na vumbi la unga, watu wa kwenye benchi wakacheka mpaka wakashika mbavu, na mimi na shahada yangu tukacheka nao kwa kuwa hakukuwa na namna. Tangu siku hiyo nilijua kwamba swali lake lile lilikuwa nusu ya ufundi wake. Redio ya jirani na jiko ina masizi, ya sakafuni ina mchwa, ya kwa mwenye watoto wengi ina waya uliovutwa. Alitaka kwanza kujua watu wanaishije na kitu, ndipo aguse kitu.

Katikati ya miaka ya elfu mbili zikaanza kuingia sokoni tochi za kichwani za bei chee, zile za mkanda wa lastiki unaokaba paji la uso na kukuachia alama mpaka kesho yake. Zilikuwa na vijipunje kadhaa vya LED, mwanga wa rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, usiovuka ncha ya pua. Nilinunua moja ya kusahihishia madaftari umeme ukikatika, na baada ya wiki nikampelekea fundi. Nilimkuta naye anazo tatu mezani, kazifumua zote. Watafiti wa madini waliopita Ruangwa walikuwa wamemwachia tochi yao mbovu ya bei kubwa, na ndani yake alikuta LED moja nene, bapa, na nyuma yake kibodi, yaani kibao kidogo cha saketi, cha duara, ukubwa wa kifungo cha shati. Ganda la tochi lilikuwa limepasuka, lakini moyo ulikuwa mzima. Aliichomoa ile LED, akaipachika kwenye tochi yangu ya bei chee, na nyuma yake akaweka kipande cha bati alichokata kwenye mfuniko wa sufuria ili joto lipate pa kwenda. Alipoiwasha mchana ule, na jua liko juu, tuliona duara la mwanga ukutani kwa muuza nguo wa ng'ambo, naye akageuka kutafuta nani anammulika.

Kilichobaki kilikuwa ni kile kibodi. Fundi alitaka kukiacha, aweke rezista ya kawaida, mwanga ufifie kadiri betri zinavyochoka. Mimi ndiye niliyekataa. Nilikwisha kuielewa kazi yake: kinashikilia mwanga usipungue, betri zinavyozidi kuchoka chenyewe kinazidi kuzikamua, hadi zinapoishiwa kabisa ndipo taa inakata. Hilo ndilo hasa nililokuwa nikilitaka, kwa maana tochi inayofifia ilinichosha macho katikati ya madaftari. "Kufifia ndiyo ugonjwa wa tochi zote hizi," nilimwambia. "Niwekee inayowaka sawasawa mwanzo mpaka mwisho." Akashika kidevu. "Mwalimu, taa isiyofifia haina adabu. Inaondoka haijaaga." Nikacheka. Nikachukua kalamu nikamchorea kwenye boksi la biskuti mistari miwili, mmoja unaoteremka na mmoja ulionyooka, nikamwuliza yeye kama mtu mwenye akili angechagua upi. "Wewe ndiye uliyesoma," akasema, na akakiacha kibodi mahali pake. Naomba msomaji alikumbuke hilo kwa ukweli wake: siku ile hakuuliza inakaa wapi nyumbani, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kujibu kwa niaba ya kila mtu.

Taa ile ikapata sifa. Fundi akaagiza LED nyingine na vibodi vyake Kariakoo kupitia kwa konda wa basi, akatengeneza za mlinzi wa ghala la korosho, za wakulima wanaokesha shambani kufukuza nguruwe, za wachimbaji wawili watatu. Yangu mwenyewe nilimpa nesi mmoja, dada kutoka nyanda za juu aliyepangiwa zahanati ya kijiji kimoja mbele ya Kiegei, mwenzetu katika kulalamika. Kila mwisho wa mwezi alikuja mjini kufuata mshahara na dawa, na kila mara alisimulia jinsi anavyozalisha kwa kibatari kilichoshikwa na mama mkwe wa mzazi, mama mkwe mwenyewe anasinzia. Nilimvika ile taa kichwani pale pale benchini, nikajiona nimelitendea taifa jambo. Fundi akatabasamu akampa na kipande cha lastiki cha akiba.

Sasa kuna jambo ambalo mtu wa mshahara hulitazama bila kuliona. Nachingwea na Ruangwa nzima, na nadhani nchi nzima isiyo na umeme, betri haitupwi inapochoka. Inaanikwa. Ukipita kijijini saa nne za asubuhi unaziona juu ya paa la bati au kwenye ungo pamoja na muhogo, zimepangwa jua lizipate, na jioni zinazinduka kidogo. Kwa balbu ya zamani hilo halina ubaya wowote. Betri ya kuanika ilitoa mwanga mwekundu wa kuanzia, ukapungua pole pole, na mwenye tochi akajua muda wake ni mfupi, aharakishe. Mimi nilinunua betri mpya kila mwezi dukani. Zile za juu ya mapaa nilipita nazikodolea macho miaka saba, na siku nachora mistari yangu miwili hazikunijia kichwani hata moja.

Nesi alikuja mjini siku ambayo haikuwa mwisho wa mwezi. Nilikuwa benchini, na watu wengine kama watano. Hakusalimia. Aliiweka taa juu ya meza ya fundi, katikati ya skrubu.

"Fundi, taa yako imeniacha."

Akasimulia amesimama vile vile. Mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa salama, saa mbili hivi za usiku, na mama alikuwa amechanika, damu inatoka, yeye anashona. Betri alizianika siku mbili kama anavyofanya kila mtu pale kijijini. Aliijaribu taa kabla hajaanza, ikawaka kama mpya. "Ningeiona hafifu ningemwita mtu na kibatari mapema. Ilikuwa inawaka kama jua, fundi! Halafu pap, hakuna kitu. Sindano iko ndani ya mtu. Macho yamezoea mwanga, sioni hata mkono wangu." Alibana kwa kiganja mahali alipodhani ndipo, akapiga kelele, kibatari kikatafutwa, kiberiti kikatafutwa, na muda wote huo damu ya yule mama ilikuwa inampitia vidoleni. Mama alinusurika, lakini angelala zahanati siku tisa nzima kabla ya kuweza kuinuka. Nesi alipofika hapo akakaa kwenye ukingo wa benchi, mbali nami kidogo.

Niliona watu wote wanamtazama fundi. Fundi hakunitazama mimi. Ningekuwa mkweli mtu wa kwanza kufungua mdomo pale ningekuwa mimi, ningesema, dada, huyu bwana alinikataza, mimi ndiye niliyemlazimisha kwa mchoro. Maneno yalikuwa tayari. Nilikuwa mwalimu, baadhi ya wale watu watano walikuwa wazazi wa wanafunzi wangu, na nikaona ngoja kwanza kupoe. Fundi akavua kofia.

"Kosa langu hilo, dada. Nisamehe. Sikukuuliza betri zako unazifanyaje."

Habari ilifika kila mahali kabla ya adhuhuri, na jioni hiyo hiyo kuna mchekeshaji wa soko aliyempachika jina la Fundi Giza. Wateja hawakumkimbia wote, lakini walianza kumletea redio na kusema, "Nitengenezee, ila usinizimie," na kila aliyesema hivyo alijiona ndiye wa kwanza kulibuni. Yeye alicheka nao. Asubuhi ya pili alifunga kibanda, akafunga kwenye baiskeli jiko dogo, mkaa, pasi na mfuko wa rezista, akaenda kwanza kule zahanati. Kisha akaanza kuzifuata taa zake zote, moja baada ya nyingine, nyingi zikiwa Ruangwa.

Shule zilikuwa zimefungwa, na alipotoka zahanati nikaungana naye kwa baiskeli ya kuazima. Nilijiambia kwamba huko njiani, tukiwa wawili, nitayasema. Kijiji cha Narung'ombe tulimkuta mzee mmoja mkulima, ametoka kuswali, na taa ya fundi imening'inia kwenye msumari wa mlango. Fundi akamweleza alichokuja kufanya, kwamba anataka kuitoa ile bodi, mwanga utapungua kidogo, lakini betri zikichoka ataona.

"Aka! Niachie mwanga wangu," mzee akasema. "Nguruwe sasa wananiheshimu. Nikiwasha tu, wanasema mwenyewe huyu."

"Babu, hii itakuzimikia uko katikati ya shamba na nguruwe kakuelekea."

"Haijanizimikia."

"Betri unaanika?"

"Nani haaniki?"

"Basi itakuzimikia."

Walibishana mpaka chai ikaletwa, tukanywa, wakaendelea. Mwisho mzee alikubali kwa sharti kwamba LED nene ibaki, na akaketi mbele ya fundi kuhakikisha haibadilishwi kwa ujanja. Fundi aliwasha jiko barazani, akachoma pasi, akatoa kibodi, akaweka rezista. Mzee aliivaa mchana ule akajimulika kiganjani. "Umenipunguzia," akalalamika. "Nimekupunguzia," fundi akakubali, hakujitetea. Kijiji cha Chunyu, mwanamke mmoja mfanyabiashara wa ufuta alimfukuza kabisa, akamwambia amekwisha kulipia taa, ikimzimikia ni shauri lake. Tulirudi kwake kesho yake, na keshokutwa tena, na mara ya tatu nadhani aliitoa ili tu tusimrudie. Hakuna fundi niliyemwona tangu hapo anayewabembeleza wateja waliokwisha kuridhika wamruhusu kuharibu sifa yake.

Na mimi? Kila kilima nilijiambia nitasema kwenye kile kinachofuata. Tulisukuma baiskeli kwenye mchanga, naye akawa ananieleza bei ya mbaazi, mtoto wake anayekataa shule, mitego ya kanga aliyotega utotoni, na kila nilipovuta pumzi niseme, alikuwa na hadithi nyingine. Nilimlaumu kimoyomoyo kwa kutonipa nafasi. Mwaka uliofuata uhamisho niliouomba ukakubaliwa, tukaagana kituoni kwa kushikana mikono muda mrefu, nikaondoka na lile neno tumboni.

Tangu hapo nimetembelea mikoa mingi, kwanza kwa kazi ya ualimu na baadaye kwa hii ya kalamu, na nimeshakutana nalo kosa langu limevaa nguo nyingine. Nimeona pampu ya maji nzuri iliyofungwa kijijini na wataalamu, ikafa kwa kukosa mpira ambao hauuzwi mkoa mzima. Nimeona jiko la kuokoa kuni ambalo sufuria la ugali wa msiba halikai juu yake. Aliyeleta kitu alikuwa msomi mwenye nia safi, kachora mstari wake ulionyooka, na palikuwepo mtu wa la saba pembeni aliyesema jambo kwa sauti ndogo, akaambiwa hajui. Sisi tuliopelekwa na mshahara kwenye sehemu za watu tumefanya mema, sikatai. Ila tuna tabia ya kutohojiwa, na wenyeji wetu wana adabu nyingi mno ya kutotuhoji, na mambo hayo mawili yakikutana kuna mtu hulala zahanati siku tisa. Siku hizi vijijini kuna sola, na simu ina tochi inayokuonyesha kabisa chaji iliyobaki. Nikiona ile alama ya betri kwenye kioo inageuka nyekundu nasema moyoni, kumbe wenye viwanda nao wamefika pale alipokuwa fundi wangu.

Jumanne ile, baada ya kuusoma ujumbe, nilimtafuta yule nesi. Amestaafu, yuko kwao nyanda za juu, anafuga. Namba yake nilikuwa nayo miaka yote. Nilimpa habari ya msiba, akamwombea marehemu rehema. Kisha nikamwambia naandika juu ya fundi, na kwamba kabla sijaandika kuna jambo anapaswa kulisikia kutoka kwangu. Nikalisema lote, boksi la biskuti, mistari miwili, "mwenye akili angechagua upi." 

"Mwalimu," akasema taratibu, "hilo nalijua tangu wiki ile."

Akanisimulia kwamba fundi alipokwenda zahanati na baiskeli yake, alianza kwa kumwomba radhi yule mama kitandani. Kisha alipokuwa anatengeneza taa, nesi akamwuliza ilikuwaje fundi mzoefu kama yeye aache kuuliza. Akamjibu kwamba Mwalimu aliitaka hivyo, lakini Mwalimu anajua mwanga, betri za watu wa huku anazijua yeye, naye alinyamaza hali anajua, kwa hiyo kosa ni lake. Akamwomba asiniulize kitu. "Alisema wewe ni mtu mzuri, utakuja useme mwenyewe," nesi akaniambia. "Kila nikishuka mjini nikipita kibandani namwuliza, vipi, Mwalimu kashasema? Anasema bado, ana mambo mengi ya shule. Hata ulipohama. Mwaka juzi nilimpigia simu kumjulia hali, alikuwa ameanza kuumwa, nikamtania, vipi, mwenzio kashasema? Akacheka. Akasema bado, tumngoje."

Zile hadithi za kanga na mbaazi, njia nzima ya Narung'ombe, sikujua kwamba zilisimuliwa na mtu anayejua ninachotafuta kusema na anayeona haya kwa niaba yangu. Somo nililolipata ni dogo, na nimelipata nikiwa nimechelewa, lakini wewe unayesoma huenda hujachelewa. Ikiwa kuna mtu anayeitwa jina baya kwa kosa lako, usingoje kupoe, na usijidanganye kwamba hajui. Nenda kwake ungali unamkuta asubuhi anafungua kibanda. Mimi nilikuwa na nauli, na nilikuwa na simu. Yeye alikuwa na imani nami, na alikaa nayo mpaka Jumatatu alasiri walipomzika.